Makala tatu za historia ya uvumbuzi: Burke, Hunkin au Johnson, uanze na nani?

Ukiulizia makala nzuri ya televisheni kuhusu historia ya uvumbuzi, majina matatu hayakosi kutajwa: Connections ya James Burke (BBC, 1978), The Secret Life of Machines ya Tim Hunkin (Channel 4 ya Uingereza, kuanzia 1988) na How We Got to Now ya Steven Johnson (PBS ya Marekani na BBC, 2014). Kila moja ina mashabiki wanaoapa kwamba hakuna nyingine. Lakini mtu mwenye jioni mbili kwa wiki, bando la kuhesabu na watoto wanaogombea rimoti hawezi kuzimaliza zote kwa mkupuo. Lazima aanze na moja.

Zipo nyingine nyingi ambazo nimeziacha makusudi, hasa mifululizo mirefu kama Modern Marvels ya Marekani yenye mamia ya vipindi. Ile hukai ukaimaliza. Unachota kipindi unachokitaka, unaenda zako. Hizi tatu zina mwanzo na mwisho, na kila moja ina mtangazaji mmoja aliyekuja na hoja yake mwenyewe. Burke anauliza kitu kilitokeaje kikawepo. Hunkin anauliza kinafanyaje kazi. Johnson anauliza kilitubadilisha vipi. Ukishajua wewe unauliza lipi kati ya hayo, kazi ya kuchagua imeshapungua nusu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza, simulizi linavyojengwa. Pili, kama utatoka pale umeielewa mashine yenyewe au umesikia habari zake tu. Tatu, sifa ya uvumbuzi anapewa nani, na historia inayosemwa ni ya kuaminika kiasi gani. Nne, umri: kipi kimepitwa na wakati na kipi bado kinauma. Tano, mambo ya mfukoni na ya sikio, yaani urefu, upatikanaji na Kiingereza kinachotumika, maana zote tatu zimetengenezwa kwa Kiingereza.

Ubora wa picha nimeutupa nje. Filamu ya mwaka 1978 haiwezi kushindana na kamera za 2014, na anayechagua kwa kigezo hicho hahitaji ulinganisho, anahitaji kuangalia tarehe tu.

Simulizi linavyokwenda

Burke ni mtu wa minyororo. Hakuhadithii maisha ya kitu kimoja. Anakuonyesha jinsi mtu aliyekuwa akihangaika na shida yake alivyomfungulia mlango mtu mwingine wa karne nyingine, mwenye shida tofauti kabisa, mpaka mnafika mahali ambapo hukupategemea.

Chukua kipindi chake cha nane. Kinaanza na kadi ya plastiki ya kununulia kwa mkopo. Kinarudi nyuma hadi kwa watawala wa Burgundy, eneo ambalo leo liko Ufaransa, ambao anasa zao na majeshi yao yalikwenda kwa mkopo, kisha kwa Waswisi waliowakabili kwa vikosi vya mraba vilivyoshika mikuki mirefu. Majeshi yanakua, yanajaa wakulima wasio na mafunzo ya maana, na inapofika zama za Napoleon kuyalisha kumekuwa balaa. Hapo anaingia Mfaransa Nicolas Appert na chakula chake kilichochemshwa na kuzibwa ndani ya chupa. Chupa zinageuka makopo. Baadhi ya makopo yanaoza, watu wanalaumu hewa mbaya, hewa ile ile iliyokuwa ikilaumiwa kwa malaria. Ubishi wa hewa mbaya unamfikisha Burke kwenye mashine za kutengeneza baridi, na baridi inamfikisha kwa James Dewar, ambaye mwaka 1892 alitengeneza chupa ya kuta mbili zisizo na hewa katikati. Ndiyo hiyo hiyo chupa ya chai iliyoko mezani kwako.

Sasa Burke anasimama mahali pa wazi, mbali nyuma yake kuna roketi. Anaeleza kwa utulivu kwamba kwa chupa ya namna ile, ikiwa kubwa, unaweza kuhifadhi haidrojeni na oksijeni zikiwa kimiminika. Ukizikutanisha na kuziwasha, unapata kitu fulani. Anageuka, ananyoosha kidole, na roketi inapaa sekunde ile ile. Ilikuwa mwaka 1977, roketi ya Titan ikikibeba chombo cha Voyager, na hakuna ambaye angeirudisha chini ili mtangazaji arudie mstari wake. Hata mtu asiyejali historia hapo atanyamaza.

Ubaya wa mtindo huu ni kwamba ukienda jikoni kuzima jiko, umeachwa. Ukirudi umetoka kwa Waswisi na uko Florida, na hujui nani alikupeleka.

Hunkin anafanya kinyume. Kipindi kimoja, mashine moja: cherehani, friji, televisheni, mashine ya kufulia, redio, simu, lifti, faksi, mashine ya fotokopi. Anaanza na kitu ambacho unakijua, anakifungua, anakusimulia kilikotoka kwa katuni alizozichora mwenyewe, halafu yeye na mwenzake Rex Garrod wanajenga kitu cha ajabu kwa vyuma chakavu ili kukuonyesha kanuni yake. Hakuna makeke ya studio. Ni mabwana wawili na bisibisi.

Johnson yuko katikati. Ana vipindi sita, na kila kimoja kimeshika jambo moja pana: usafi, muda, kioo, mwanga, baridi, sauti. Ndani ya jambo hilo anakupa hadithi tatu nne za watu, kila moja na mwanzo na mwisho wake, na anakuunganishia kwa sentensi zilizo wazi. Ukipotea atakurudisha. Hoja yake kubwa ni kwamba uvumbuzi hutikisa mambo ambayo mvumbuzi hakuyawazia. Vitabu vilivyochapwa kwa mtambo wa Gutenberg viliwafanya Wazungu wengi kwa mara ya kwanza watambue kwamba hawaoni vizuri karibu, miwani ikatafutwa, waliokuwa wakisaga lenzi wakaongezeka, na kwenye mikono iliyozoea lenzi zikatoka hadubini na darubini.

Kwa simulizi la kukushika koo, Burke. Kwa simulizi lisilokuchosha baada ya kazi, Johnson. Hunkin hasimulii sana, na hiyo ndiyo ladha yake.

Je, utatoka umeielewa mashine?

Hapa wawili wanabaki nyuma, na ni haki kusema hivyo.

Cherehani iko kwenye baraza la kila mtaa Afrika Mashariki, lakini waulize watu kumi wanaovaa nguo zilizoshonwa kwa cherehani jinsi uzi wa juu unavyoshikana na uzi wa chini. Sindano ya mkono ina tundu nyuma na inapita kitambaa chote hadi upande wa pili. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha, na haipiti. Inazama, inaacha kitanzi kidogo cha uzi chini ya kitambaa, ndoano inakidaka kitanzi hicho na kukizungusha bobini nzima yenye uzi wa chini, halafu sindano inapanda na uzi unakazwa. Mshono umefungika kwa nyuzi mbili ambazo hazikuwahi kubadilishana upande. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake 1851, na ugomvi wao wa mahakamani ni hadithi nzuri kwa haki yake. Lakini ni Hunkin atakayekukalisha mpaka mshono wenyewe uuone unavyofungika. Baada ya hapo ukimkuta fundi anasema uzi wa chini unalegea, unajua anazungumzia nini.

Jaribio lake ninalolipenda kuliko yote linahusu kurekodi kwa sumaku. Kanda ya redio kaseti ni nini? Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa aina ya kutu. Kwa hiyo Hunkin anachukua selotepu ya kawaida, anaipaka unga wa kutu, anaipitisha kwenye kichwa cha kurekodia, anaongea. Akiirudisha, sauti yake inatoka, imekwaruza na imefifia, lakini ni yake. Hakuna mhadhara wa fizikia utakaokuingia kama ile selotepu.

Burke anaeleza kanuni vizuri lakini mbio mbio, kwa sababu kanuni kwake ni kituo, si safari. Atakwambia kadi zenye matundu za mtambo wa kufumia wa Jacquard zilimpa Herman Hollerith njia ya kuhesabu sensa ya Marekani ya 1890, na kwamba huko ndiko kompyuta zilikopata moja ya mizizi yao. Utaelewa uhusiano. Mtambo wenyewe unavyonyanyua nyuzi utaelewa nusu nusu.

Johnson hajali sana vyuma. Akikueleza habari za maji ya bomba, anakupa watu na uamuzi waliofanya, si kemia ya klorini. Kwa wengi hiyo inatosha kabisa. Kwa kijana anayesomea umeme chuo cha ufundi haitoshi.

Jambo moja, macho matatu

Njia rahisi ya kuziona tofauti ni kutazama pale zote tatu zinapogusa kitu kimoja, nacho ni baridi.

Kwa Burke, baridi ni pingu moja ya mnyororo kati ya kopo la nyama na roketi. Inapewa dakika zake, inasukumwa mbele. Unachobaki nacho ni mshangao kwamba hofu ya malaria na safari za angani ziko kwenye mstari mmoja.

Kwa Hunkin, friji inapewa kipindi kizima, na hoja inayokaa kichwani ni kwamba friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kompresa inaibana gesi, gesi inapata moto, inapita kwenye vibomba vyembamba nyuma ya friji (viguse, utaona), inapoa na kuwa kimiminika, kisha inaachiwa ndani ambako inageuka mvuke na kunyonya joto la mboga zako. Mzunguko unaanza upya. Ukielewa hilo, utajua kwa nini kufungua mlango wa friji hakupozi chumba, na utajua fundi anamaanisha nini akisema gesi imeisha.

Kwa Johnson, baridi ni tamaa ya binadamu. Anakuletea Frederic Tudor wa Boston, ambaye mwaka 1806 alipakia melini barafu iliyokatwa kwenye mabwawa ya Massachusetts na kuipeleka Martinique, kisiwa cha joto ambako watu hawakujua waifanyie nini. Alipata hasara, akadaiwa, akafungwa kwa madeni. Hakuacha. Kufikia 1833 meli yake iliteremsha barafu Calcutta baada ya miezi karibu minne baharini. Halafu anakuja Clarence Birdseye, aliyeona kule Labrador, Kanada, kwamba samaki wa Wainuiti, wenyeji wa huko, wakigandishwa haraka kwenye baridi kali hubaki na ladha yao, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya vyakula vya kugandishwa. Ni masimulizi ya biashara kama ya sayansi, na mfanyabiashara yeyote mwenye duka Kariakoo au Gikomba atamwelewa Tudor bila kutafsiriwa.

Sifa inamwendea nani

Johnson ameweka wazi kwamba anataka watu waliosahaulika. Kipindi chake cha mwanga hakimwachii Thomas Edison sifa ya kuivumbua balbu, na ni kweli: Joseph Swan wa Uingereza na wengine walikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Kipindi cha usafi kinamtoa gizani John Leal, daktari aliyetia klorini kwenye maji ya Jersey City mwaka 1908 bila kuomba ruhusa, wakati watu wakiiona klorini ni sumu, na maji yale yalikuwa yakinywewa na watu wapatao 200,000. Kwetu, ambako kipindupindu kikiingia tu vinagawiwa vidonge vya klorini mtaa kwa mtaa, kisa kile kina uzito wake. Kuna pia habari ya Chicago, mji uliokaa tambarare kiasi kwamba majitaka hayakuwa na pa kuteremkia. Katikati ya karne ya 19 wahandisi wakaamua kuyanyanyua majengo yenyewe kwa jeki, mamia ya jeki zikizungushwa kwa pamoja, ili mifereji ipite chini. Johnson anateremka kwenye mfereji wa majitaka kukusimulia hayo, na sura yake inaonyesha kwamba harufu ilikuwepo.

Kasoro yake ni kwamba mashujaa wake waliosahaulika wengi ni Wamarekani.

Burke hamwamini shujaa yeyote. Kwake hakuna fundi mmoja aliyekaa chumbani akawaza kitu kizima. Kuna watu wanaopokezana bila kujuana. Hilo ni jema. Lakini mnyororo ukiwa mzuri mno hukufanya usahau kuuliza kama kila pingu imeshikana kweli. Kipindi cha tatu kinalipa uzito mkubwa jambo la vikuku vya farasi, pale mpandaji anapotia mguu, na jinsi vilivyowapa Wanormani, wapiganaji wa kaskazini mwa Ufaransa, nguvu vitani. Wanahistoria wamelipinga wazo hilo la vikuku kubeba mabadiliko makubwa kiasi hicho, na mtazamaji asiyejua atalimeza kama lilivyo. Mtazame Burke kwa kumfurahia, kisha mbishie.

Yeye ndiye pia anayetoka nje ya Ulaya mara nyingi zaidi kati ya hawa watatu: Misri na jembe la mto Nile, Alexandria na hesabu za nyota, na kwenye kipindi cha pili, tanga la pembetatu lililosaidia meli za Ulaya kwenda mbali. Anayetoka Lamu, Unguja au Sur kule Oman hahitaji kuelezwa tanga hilo linavyofanya kazi. Anaweza, hata hivyo, kukereka kidogo kuona limepita haraka hivyo.

Hunkin kwenye hili hana makuu wala madai. Wavumbuzi wake ni vichekesho vya katuni, wenye ndevu na madeni, na wengi ni Waingereza na Wamarekani kwa sababu anasimulia vyombo vya nyumba ya Mwingereza. Wanawake ni haba kwenye zote tatu, na mvumbuzi Mwafrika wa kusini ya Sahara usimtafute.

Zimezeeka kiasi gani

Kipindi cha kwanza cha Burke kinahusu usiku wa tarehe 9 Novemba 1965, umeme ulipokatika New York na eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario, watu milioni 30 hivi wakabaki gizani, kisa kifaa kimoja kidogo cha kulinda laini kwenye kituo cha umeme karibu na Niagara. Burke anauliza: mtandao huu wa vyombo ukikatika moja kwa moja, utaishije? Una shamba? Unajua kulima?

Swali limebaki jipya kabisa. Ila linasikika vingine Dar es Salaam, Goma au Bujumbura, ambako giza la usiku mmoja halimfanyi mtu aandike makala. Burke alikuwa akimwuliza mtu wa ghorofani asiyewahi kushika jembe. Mtu mwenye kiberiti mfukoni na shamba la mahindi Njombe atalijibu kwa haraka zaidi, na nadhani hiyo ni sababu nzuri ya sisi kukitazama kipindi hicho badala ya kukiruka. Kilichozeeka kwake ni kompyuta zake, na suti.

Hunkin anaonekana mzee kwa majina ya vipindi: mashine ya video, faksi. Kanuni hazijazeeka. Tahadhari moja: friji za miaka ile zilitumia gesi za CFC, ambazo zimeondolewa sokoni kutokana na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa zinaharibu tabaka la ozoni. Mzunguko aliouonyesha ni ule ule, gesi ndiyo imebadilika.

Johnson bado hana mvi. Kipindi chake cha muda, kinachogusa jinsi reli za Marekani zilivyolazimisha miji ikubaliane saa moja mwaka 1883, kitamfurahisha kwa namna ya pekee mtu anayeishi na saa mbili kichwani, ile ya simu na ile ya kuhesabu tangu jua lichomoze.

Urefu, bando na Kiingereza chake

Burke ana vipindi kumi vya dakika 50 hivi. Hunkin ana 18 vya dakika 25 hivi, vilivyotoka kwa mafungu matatu: 1988, 1991 na 1993. Johnson ana sita, kila kimoja karibu saa nzima. Kwa hiyo Johnson ndiye mfupi kwa jumla, na Hunkin ndiye anayetazamika kwa vipande vidogo.

Kwa upatikanaji Hunkin anawapita mbali. Amevipandisha vipindi vyake YouTube yeye mwenyewe, bure, na mwaka 2021 alivisafisha picha na kuongeza maelezo mapya ya mzee anayejitazama ujana wake. Hakuna usajili, hakuna kuiba. Burke na Johnson walitoka kwenye DVD, na waliopo Ulaya au Amerika Kaskazini waanze kwa kuulizia maktaba ya umma iliyo karibu. Ukimtafuta Burke angalia mwaka: kuna mfululizo wa pili wa 1994, wa tatu wa 1997, na mwingine wa 2023 kwenye Curiosity Stream. Vyote vina jina hilo hilo la Connections. Ninaouzungumzia hapa ni ule wa vipindi kumi, wa 1978. Johnson ana pia kitabu chenye jina la mfululizo wake, msaada kwa mwenye macho mengi na bando kidogo.

Kiingereza cha Burke ni kigumu. Anaongea haraka, ana kejeli, na sentensi zake zina mikia. Cha Johnson ni cha Kimarekani, wazi, chenye kurudia rudia mambo muhimu. Cha Hunkin ni cha polepole na cha kawaida, na hata neno likikupita, mkono wake unaendelea kukuonyesha.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni fundi, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, au una mtoto anayefungua redio badala ya kuisikiliza, nenda kwa Hunkin. Usianze kwa mpangilio. Anza na mashine uliyonayo nyumbani.

Kama unafundisha historia au sayansi sekondari na una kipindi kimoja cha dakika 40 darasani, kipande cha Johnson cha usafi kinakaa vizuri, kwa sababu kinaweza kukatwa: Chicago peke yake, au Leal peke yake. Burke hakatiki. Mlipe kipindi kizima au mwache.

Kama mnatazama familia nzima, wakubwa kwa wadogo, Johnson ndiye asiyemtoa mtu sebuleni. Watoto wa chini ya miaka kumi watamsahau, watakumbuka vyuma vya Hunkin.

Kama unapenda mabishano na una marafiki wa kubishana nao, Burke. Tazameni kipindi kimoja kwa wiki, kisha kila mtu achague pingu moja ya mnyororo aivunje.

Kama Kiingereza kinakusumbua, Hunkin kwanza, Johnson na maandishi ya chini baadaye, Burke mwisho kabisa. Na kama unawaza kutengeneza vipindi vya namna hii kwa Kiswahili na huna fedha, msome Hunkin kwa makini: meza, katuni, vyuma chakavu na mtu anayejua anachosema. Gharama za Burke za kuzunguka nchi hadi nchi huziwezi, ila namna yake ya kuunganisha mambo haiuzwi, ichukue.

Ambaye bado ameshindwa kuamua, achukue jioni moja ya Jumamosi atazame habari za baridi tu: friji ya Hunkin, halafu baridi ya Johnson, halafu kipindi cha nane cha Burke. Mpangilio huo una sababu. Ukishajua mashine inavyohamisha joto, barafu ya Tudor inayoyeyuka melini inakupa maumivu ya kweli, na ukifika kwa Burke tayari unaijua baridi vya kutosha kumfuata bila kupotea. Yote ni saa mbili na dakika kumi hivi. Yule utakayetaka kumrudia Jumapili asubuhi ndiye wa kuanza naye.